Wasomaji Wanauliza: Je, Bata Wote Wamegeuka Majike?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu bata mwitu wanaponyonyoka manyoya, wakati ambapo hata mtazamaji mzoefu hufunga kitabu chake kwa hasira. Tumechagua nane, na tumezifupisha kidogo pale ilipobidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu mwezi wa Machi nimekuwa nikiwatazama bata wenye vichwa vya kijani katika bwawa moja, na niliwahi kuhesabu madume 18 kwa siku moja. Kufikia katikati ya Julai sikuona hata mmoja. Waliobaki wote ni wa rangi ya kahawia, na kila kitabu ninachofungua kinaniambia kwamba wa kahawia ni jike. Je, madume wamehama? Kama hawakuhama, nitawatambuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea kwamba wengi wa madume wako bado wapo, nawe unawatazama kila siku pasipo kuwajua. Bata unayemweleza ni yule anayeitwa na wanasayansi Anas platyrhynchos. Hapa tutamwita bata kichwa-kijani, ingawa kwa miezi kadhaa ya mwaka jina hilo humsingizia. Yeye, kama walivyo bata wengi wa kaskazini mwa dunia, hubadilisha manyoya ya mwili mara mbili kwa mwaka. Jike anapokuwa ameanza kuatamia, mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, dume humwacha, hujiunga na madume wenzake, na kuanza kupukutisha yale manyoya ya fahari. Mahali pake huota manyoya ya kahawia yenye michirizi, ambayo tutayaita vazi la maficho. Akishalivaa vazi hilo, ndipo manyoya makubwa ya kurukia huanguka yote kwa pamoja, na kwa muda wa wiki tatu hadi tano hawezi kuruka kabisa. Yakishaota mapya, mwili hubadilisha manyoya kwa mara nyingine, na kufikia Septemba au Oktoba kichwa cha kijani huwa kimerudi. Jike naye hunyonyoka manyoya ya kurukia, lakini huchelewa, kwa kuwa husubiri kwanza vifaranga wake wakue.

Kosa linalowapata watazamaji wengi ni kuanza na rangi ya manyoya, yaani kuanza na kitu kile kile kinachobadilika. Ushauri wangu ni kuanza na visivyonyonyoka: mdomo, jicho, miguu, umbo la mwili na sauti. Baada ya hapo tazama bawa, kwa sababu manyoya ya bawa hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, na kwa hiyo dume aliyevaa vazi la maficho bado amebeba bawa la dume. Rangi ya kifua, mgongo na ubavu iwe ya mwisho kutazamwa, na tena iaminiwe kwa tahadhari.

Kwa bata kichwa-kijani, mdomo peke yake karibu unamaliza kazi. Mdomo wa dume hubaki wa manjano iliyofifia au wa kijani cha zeituni, bila doa katikati. Mdomo wa jike ni wa rangi ya machungwa, nao una doa kubwa jeusi au la kahawia lililokaa juu yake kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Ukishamtenga dume kwa mdomo, utaanza kuona mengine ambayo hukuyaona: kifua chake kina wekundu zaidi kuliko cha jike, na utosi wake ni mweusi zaidi. Vile vinyoya viwili vitatu vilivyojikunja juu ya mkia huanguka, kwa hiyo kutokuwapo kwake hakuthibitishi kwamba ni jike.

Tahadhari moja ni kwamba kufikia Julai na Agosti bwawa hujaa pia watoto wa mwaka huo huo, ambao wamefikia ukubwa wa wazazi, na midomo yao bado haijatulia rangi. Hao watambue kwa mkia. Unyoya wa mkia wa bata mchanga una pengo dogo kwenye ncha, mahali ambapo manyoya laini ya utotoni yalikatikia, ilhali ncha ya unyoya wa bata mkubwa ni nzima. Ni alama ndogo, inahitaji darubini nzuri na subira, lakini haina ubishi.

Kabla hujafunga hesabu, hakikisha pia kwamba kila bata wa kahawia ni wa jamii hiyo. Mareca strepera, bata wa kijivu, huchanganyika sana na kichwa-kijani, na jike wake pia ana mdomo wenye rangi ya machungwa. Tofauti ni kwamba kwake rangi hiyo hukaa pembeni tu kama mstari ulionyooka, nayo sehemu ya juu ya mdomo ni nyeusi yote. Paji lake limesimama wima zaidi, tumbo lake ni jeupe, na kile kiraka cha bawa, yaani kipande kinachoonekana kwenye manyoya ya ndani ya bawa, kwake ni cheupe. Kwa kichwa-kijani kiraka hicho ni cha buluu inayoelekea zambarau, kikiwa na mpaka mweupe mbele na nyuma.

SWALI: Mhariri mpendwa, niliwakaribia bata kama 30 waliokuwa wamepumzika ukingoni. Badala ya kuruka, walikimbilia majini wakipigapiga vipande vya mabawa, wakaingia kwenye matete. Je, ni wagonjwa? Niwaarifu wataalamu wa mifugo?

JIBU: Kwa jinsi ulivyoeleza, hao ni wazima. Mwili wa bata ni mzito ukilinganishwa na ukubwa wa mabawa yake, na kama angenyonyoka unyoya mmoja mmoja kama afanyavyo njiwa, angekaa miezi mingi akiruka kwa shida. Kwa hiyo huyamwaga yote kwa pamoja na kulipa deni lake mara moja. Hivyo ndivyo wafanyavyo pia bata bukini na jamaa zao karibu wote. Wa pekee ni Anseranas semipalmata wa Australia, ambaye hunyonyoka polepole na haachi kuruka. Baadhi ya bata husafiri mbali kutafuta mahali pa usalama kwa ajili ya kipindi hiki tu. Tadorna tadorna, kwa mfano, hukusanyika kwa idadi inayozidi 100,000 katika Bahari ya Wadden, kwenye pwani ya Ujerumani.

Lakini swali lako si la kupuuzwa, kwa sababu msimu huo huo wa joto ndio pia msimu wa sumu ya botulini, inayotokana na bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa. Mtazame bata mwenyewe. Aliyenyonyoka huogelea kwa nguvu, huzamia, na hujificha kwa akili. Aliyeathiriwa na botulini hulegea: kwanza mabawa na miguu hushindwa, kisha shingo haiwezi kubeba kichwa, na wengine hufa maji kwa sababu hiyo. Ukiona shingo zilizolegea au mizoga ukingoni, toa taarifa bila kuchelewa na usiiguse. Usipoyaona hayo, rudi nyuma uwaache, kwa kuwa kila mara wanapokimbia hupoteza nguvu wanayoihitaji kuotesha manyoya mapya.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumebishana wiki nzima kuhusu picha moja tuliyoipiga mwishoni mwa Agosti. Ina bata wadogo wawili wa kahawia wanaoogelea pamoja. Yeye anasema ni wa aina moja, mmoja amepigwa na jua na mwingine yuko kivulini. Mimi nasema ni aina mbili. Picha tumeiambatanisha. Tafadhali tuamulie.

JIBU: Wewe ndiye uliyeona sawasawa, ingawa shemeji yako hastahili kuchekwa, kwa maana hawa wawili wamewapotosha watu wengi. Wa kushoto ni Anas crecca, ambaye nitamwita bata kiraka-kijani. Wa kulia ni Spatula querquedula, bata nyusi-nyeupe, ambaye jina hilo humfaa dume wa majira ya kuchipua tu.

Anza na mdomo, kama tulivyomwambia msomaji wa kwanza. Wa kulia ana mdomo mrefu kidogo zaidi, wa kijivu mtupu. Wa kushoto ana mdomo mfupi, mwembamba, na ukiikuza picha utaona doa la rangi ya machungwa karibu na shina lake, jambo linaloonekana kwa wengi wa aina hiyo walio katika vazi la kahawia. Kisha uso. Bata nyusi-nyeupe ana uso wenye mistari: mstari mweupe juu ya jicho, mweusi unaopita kwenye jicho, mweupe mwingine chini yake unaoanzia kwenye doa jeupe kando ya mdomo, halafu mwingine wa kahawia unaokata shavu. Koo lake ni jeupe. Bata kiraka-kijani ana uso wa kawaida, wenye mstari mmoja mwembamba kwenye jicho na basi. Badala yake, yeye ana alama nyuma: mchirizi mweupe kando ya shina la mkia, unaoonekana vizuri hata akiwa anaogelea mbali. Katika picha yenu mchirizi huo upo kwa wa kushoto, na kwa wa kulia haupo.

Kama wangeruka mbele yenu ubishi usingekuwapo kabisa. Bawa la bata kiraka-kijani, kwa dume na kwa jike, lina kiraka cha kijani chenye ukanda mweupe mpana mbele yake na ukanda mwembamba nyuma. Kwa bata nyusi-nyeupe ukanda wa nyuma ndio unaovuta jicho, hasa kwa jike, na dume aliye katika vazi la maficho bado ana sehemu ya mbele ya bawa yenye rangi ya kijivu hafifu inayoelekea buluu, rangi ambayo jike hana. Hapa bawa linakwambia mambo mawili kwa pamoja, aina na jinsia, na ndiyo maana nalihesabu kuwa shahidi bora kuliko kifua na mgongo.

Naongeza jambo ambalo halimo katika picha, nalo ni kalenda. Bata kiraka-kijani dume hurudia vazi lake la fahari mapema, na kufikia Novemba wengi wao wamekamilika. Bata nyusi-nyeupe dume hachangamki hivyo. Karibu wote wa Ulaya huhamia Afrika, kusini mwa Sahara, nao hufika huko wakiwa bado na vazi la maficho na kulivaa hata Desemba na Januari. Kwa sababu hiyo anayewatazama huko majira hayo huweza kudhani kwamba wamekuja majike watupu. Bata mdogo wa kahawia mwenye bawa la dume katika Desemba, kabla hujafikiria lolote lingine, fikiria nyusi-nyeupe.

Sauti pia hutenganisha, ikiwa mtabahatika kuisikia, kwa maana madume walionyonyoka hunyamaza sana. Dume wa kiraka-kijani hupiga mluzi mfupi, safi. Dume wa nyusi-nyeupe hutoa sauti kavu ya kukwaruza, kama ya kucha inayopitishwa kwenye meno ya kitana.

SWALI: Mhariri, napingana na kanuni yako ya mdomo, ambayo uliidokeza pia katika toleo lililopita. Nina picha ya bata mwenye mdomo wa rangi ya machungwa na doa la tandiko, kama jike kabisa, lakini kichwa chake kimeanza kuwa cha kijani na mkia una vinyoya vilivyojikunja. Mdomo unasema jike, manyoya yanasema dume. Ni nani mwongo?

JIBU: Hakuna mwongo. Nakushukuru kwa picha hiyo, kwa sababu inatupa nafasi ya kueleza jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Tumezoea kufikiri kwamba vazi la fahari la dume ni nyongeza iliyoletwa na homoni za kiume juu ya vazi la kawaida la kahawia. Kwa bata mambo ni kinyume chake: vazi la fahari ndilo linaloota pale ambapo homoni ya kike, estrojeni, haipo, na vazi la kahawia la jike linahitaji homoni hiyo ili liote. Jike ambaye ovari yake, yaani kiungo cha kutengeneza mayai, imezeeka, imeugua au imeumia, hukosa estrojeni ya kutosha, na katika mabadiliko ya manyoya yanayofuata huota kichwa cha kijani na kifua chekundu kama dume. Mdomo mara nyingi huchelewa kufuata, na hubaki na dalili za jike. Nadhani ndiye huyo uliyempiga picha.

Kwa hiyo kanuni ya mdomo imekuambia kweli: ni jike. Ila siwezi kuitetea kwa kila bata. Karibu bata wote wa kufugwa wametokana na kichwa-kijani, isipokuwa ukoo wa Cairina moschata wenye asili ya Amerika, na wale waliotoroka na kuzaa na wa mwituni huacha watoto wenye midomo ya kila namna. Bata mkubwa kupita kawaida, mwenye kifua cheupe au tumbo zito linaloburura nyuma, msimtumie kujifunzia kanuni yoyote.

Mfano mzuri wa mahali ambapo mdomo hausaidii kitu ni Mareca penelope. Mdomo wake ni wa buluu ya kijivu wenye ncha nyeusi, dume na jike sawa. Hapo ruka moja kwa moja hadi kwenye bawa: dume mzima ana kiraka kikubwa cheupe mbele ya bawa, na hakipotezi anapovaa vazi la maficho, ambalo kwake ni la rangi ya kahawia nyekundu iliyokolea. Ndugu yake wa Amerika Kaskazini, Mareca americana, hufanana naye mno katika vazi hilo. Kinachowatenga ni kwapa: la yule wa Amerika ni jeupe, la mwenzake ni la kijivu. Huwezi kuliona hadi ajinyooshe au aruke, na mimi nimewahi kukaa saa mbili nikisubiri bata mmoja ainue bawa.

SWALI: Ndugu Mhariri, kuna njia gani ya kuwatofautisha wale bata wenye sehemu ya mbele ya bawa ya buluu, ikiwa wote wamekuwa wa kahawia na wote wana bawa hilo hilo?

JIBU: Umegusa mahali ambapo bawa, shahidi niliyemsifu, hunyamaza. Spatula clypeata, ambaye ni bata mdomo-kijiko, Spatula discors, ambaye nitamwita bata bawa-buluu, na Spatula cyanoptera, bata mdalasini, wote wana buluu kwenye bawa. Turudi basi kwenye mdomo na jicho.

Mdomo-kijiko, kama jina linavyosema, ana mdomo mrefu kuliko kichwa chake, uliopanuka mbele. Dume mzima ana jicho la manjano hata akiwa katika vazi la maficho, na jike kwa kawaida ana jicho la kahawia. Bata mdalasini dume ana jicho jekundu, na wekundu huo haunyonyoki pamoja na manyoya, kwa hiyo bata mdogo wa kahawia mwenye jicho jekundu kati ya hawa watatu ni yeye. Walio wagumu kweli ni majike wa mdalasini na wa bawa-buluu. Jike wa bawa-buluu ana uso uliochorwa zaidi, wenye doa jeupe kando ya mdomo na duara jeupe lililokatika kuzunguka jicho. Jike wa mdalasini ana uso mtupu, wenye rangi ya joto zaidi, na mdomo mrefu kidogo uliopanuka kidogo. Hizi tofauti za "kidogo" hazitoshi kila wakati. Mtu akiandika katika daftari lake kwamba alimwona mmojawapo wa hao wawili bila kusema yupi, mimi humwamini zaidi, wala simdharau.

Nikiri kosa langu katika kundi hilihili. Mwezi mmoja wa Oktoba nilimwona bata wa kahawia amelala kando ya maji, mdomo wake ameuficha mgongoni, na mbele ya jicho lake kulikuwa na hilali nyeupe iliyo wazi. Alipojinyoosha bawa moja nikaona buluu. Dume wa bawa-buluu ana hilali nyeupe usoni, na katika Ulaya ni mgeni wa nadra, kwa hiyo nilifurahi na kuandika jina lake kwa wino. Baada ya muda bata yule akautoa mdomo wake mgongoni, nao ulikuwa kijiko. Madume wa mdomo-kijiko huchukua muda mrefu sana kubadilisha manyoya, na wengi wao, katikati ya safari hiyo ya vuli, hupita katika hatua yenye hilali nyeupe kama ile. Kalenda nayo ingenionya kama ningeiuliza, kwa sababu bata bawa-buluu dume kwa kawaida hubaki na vazi la maficho hadi majira ya baridi yaingie, na hilali iliyokamilika mwezi wa Oktoba ingepaswa kunitia shaka yenyewe.

SWALI: Naomba mnisaidie kuhusu bata wanaozamia. Wote wanaonekana weusi-kahawia, wana macho ya manjano, na wengine wana weupe kwenye shina la mdomo. Kitabu changu kinasema weupe huo ni wa Aythya marila, lakini kuna wengi mno.

JIBU: Kitabu chako kimesema nusu ya kweli. Jike wa Aythya marila ana weupe mpana kuzunguka shina la mdomo, lakini majike kadhaa wa Aythya fuligula, bata kishungi, wana weupe huo pia, na wengine wana weupe chini ya mkia unaowafanya wafikiriwe kuwa Aythya nyroca. Kwa huyo wa mwisho tazama jicho: la dume ni jeupe, na la jike ni la kahawia, wala si la manjano.

Kati ya marila na kishungi, tazama ncha ya mdomo. Kwa bata kishungi weusi wa ncha ni mpana, kama aliyechovya mdomo kwenye wino. Kwa marila weusi huo hukaa kwenye ukucha mdogo tu ulio katikati ya ncha, na mdomo wenyewe ni mpana zaidi. Kichwa cha marila ni mviringo bila pembe yoyote. Kishungi, hata akiwa katika vazi la maficho ambapo shungi lake hufupika sana, huwa na kijinundu nyuma ya kichwa, na ubavu wa dume uliokuwa mweupe huwa wa kahawia chafu. Majike wa marila katika miezi ya joto hupata pia doa hafifu jeupe kwenye sikio, wakati ule ambapo weupe wa shina la mdomo umepungua.

Anayetazama Amerika Kaskazini ana kazi ya ziada, ambayo ni kumtenga marila na Aythya affinis aliye mdogo wake. Hapo bawa hurudia heshima yake: ukanda mweupe wa marila huendelea hadi kwenye manyoya ya nje ya bawa, ilhali wa affinis huishia kwenye manyoya ya ndani na kugeuka kijivu. Na kwa kuwa bata hawa wanaozamia huzaliana wao kwa wao mara kwa mara, yule asiyekubali kuingia katika kapu lolote huenda ni chotara.

SWALI: Kwa nini bata wa Afrika kama Anas undulata hawavai vazi la maficho? Au wanalivaa nami silioni?

JIBU: Hawalivai. Anas undulata, mwenye mdomo wa manjano, na Anas erythrorhyncha, mwenye mdomo mwekundu, dume na jike hufanana mwaka mzima, na kwa hiyo hakuna fahari ya kuvua. Manyoya ya kurukia huyamwaga kwa pamoja kama wenzao. Bata wa Afrika anayebadilika waziwazi ni Oxyura maccoa: dume wa msimu wa kuzaliana ana mwili wa rangi ya kahawia nyekundu na mdomo wa buluu, na msimu ukipita rangi ya mdomo hufifia na yeye hufanana na jike. Huyo naye ni mmoja wa wale ambao kanuni yangu ya kuanza na rangi ya mdomo haiwafai. Mtambue kwa umbo, kwa kuwa mkia wake mgumu hausahauliki.

SWALI: Mwanangu ameokota unyoya kando ya ziwa, wenye rangi ya buluu inayong'aa upande mmoja na ncha nyeupe. Je, unaweza kujua ni wa bata gani kwa unyoya mmoja tu?

JIBU: Kwa unyoya huo, ndiyo, na mwanao ameokota kitu cha maana, kwa sababu kipindi ambacho kiraka cha bawa hakipo kwenye bata ndicho kipindi ambacho kipo ufukweni. Buluu hiyo yenye ukanda mweusi kabla ya ncha nyeupe ni ya kiraka cha kichwa-kijani. Ugeuzeni unyoya polepole kwenye mwanga, mtaona buluu ikiwa zambarau na pengine ikielekea kijani, kwa kuwa rangi hiyo inatokana na namna unyoya ulivyojengwa na jinsi unavyorudisha mwanga. Kwa sababu hiyo sipendi mtu aamue aina ya bata kwa picha moja ya kiraka iliyopigwa kwenye jua kali. Kama ungekuwa mweupe mtupu upande unaoonekana, ningemfikiria bata wa kijivu. Ungekuwa mdogo na wa kijani, ningemfikiria kiraka-kijani. Amerika Kaskazini ningeangalia pia kama weupe wa ncha ni mwembamba sana au haupo kabisa, kwa kuwa kiraka cha Anas rubripes ni cha zambarau na mipaka yake haina weupe unaoonekana kama wa kichwa-kijani.

Huko Marekani lakini, sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918 inakataza kumiliki hata unyoya uliookotwa wa ndege wengi wa mwituni, na nchi nyingine zina masharti yao. Njia iliyo salama ni kuuweka unyoya juu ya karatasi kando ya rula, kuupiga picha pande zote mbili, na kuurudisha mahali ulipookotwa. Andikeni tarehe: unyoya wa kurukia ulioanguka Julai kuna uwezekano mkubwa kwamba ni wa dume, na ule wa mwishoni mwa Agosti au Septemba huenda ni wa jike aliyemaliza kulea.